Kaburi la Mchangani

Okito, mpiga kasia, hakuwa na mazoea ya uongo. Lakini asubuhi ile, alipomwona Mama Rachida akishuka bandarini Kindu na kitenge kipya na ubani mkononi, alijua leo atadanganya, apende asipende.

"Papa Okito, unakumbuka ile kisiwa?"

"Nakumbuka, mama."

Angesahau vipi! Mwaka 2002, risasi zikilia mtaa wa Mikelenge, yeye ndiye aliyemvusha mama huyu na bintiye Jamila, mtoto wa miaka mitatu aliyewaka homa. Mtoto akakata roho mle mtumbwini. Ilikuwa Julai, maji yamepungua, na mchanga umeibuka kama kisiwa katikati ya mto Lualaba, mkavu na mpana. Rachida, mtu wa mjini, akasema: "Tumuzike hapa." Kila mpiga kasia anajua mchanga wa kiangazi haukai; mvua zikianza, mto huubeba wote. Okito alijua fika. Lakini bunduki zilikuwa nyuma yao, na mama analia. Akachimba kwa kasia lake mwenyewe, akanyamaza. Lo, kunyamaza kwa siku moja kukamla mtu miaka yote hii!

Basi wakapanda mto kulitafuta kaburi, wakiingia mkondo huu na kutokea ule. Kila kisiwa, Rachida anainuka nusu: "Njo hii?"

"Hapana, mama."

Saa sita jua likiwachoma, Okito akachoka kulitazama lile tumaini usoni pake. Akaelekeza mtumbwi kwenye kisiwa kikubwa chenye miti na udongo mweusi.

"Njo hapa."

Rachida akavua viatu. "Kumbe miti imeota! Mutoto wangu amepata kivuli." Akachoma ubani, akasoma Fatiha, akalia mpaka akatosheka. Okito alibaki kwenye mtumbwi, aibu imemjaa.

Wakirudi, Rachida alicheka, mara ya kwanza siku ile.

"Papa Okito, munganga wa hospitali ameniambia sitamaliza mwaka. Nimeshawaambia watoto wasinizike mujini. Wewe njo utanileta huku, nilale na Jamila. Utanileta?"

Okito akapiga kasia mara tatu, mara nne. Alitaka kumwambia ukweli. Akamtazama mama wa watu, amekonda vile, anatabasamu.

"Nitakuleta, mama," akasema. "Mimi mwenyewe nitachimba."