Bukini Wamezidi

Landani nzima, niliyemwona na adabu ya kumsindikiza mtu alikuwa bata. Bata bukini, yule wa shingo nyeusi na mashavu meupe, mkubwa kama begi la safari. Mimi mji huu nimeukaa. Nimesafisha ofisi, nimetimuliwa na wenye nyumba, nimekula mkate mkavu nikauita chakula cha jioni, na hakuna jirani aliyewahi kunitoa hata mpaka nje ya mlango akaniambia, haya, nenda salama. Lakini Célestine alisindikizwa kila asubuhi.

Célestine ni Mkongo wa Bukavu. Tulifanya naye kazi ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee, upande wa Kenton. Tukitoka asubuhi tunakatiza bustani yenye bwawa, na huyo bata anatoka majini, anajikung'uta, anashika njia ubavuni mwa Célestine, kifua mbele, mpaka langoni. Hapo anasimama. Basi letu likiondoka, naye anageuka kurudi kwake. Tulimwita Balozi.

"Mi siko na mutu hapa," Célestine aliniambia siku ya kwanza nilipomcheka. "Bwana alikufa, batoto beko Bukavu, Mungu iko juu. Hapa chini niko na huyu."

"Hapa chini uko na mimi, Zipporah binti wa Voi."

"Wewe unanisindikiza?"

"Si napanda basi moja na wewe!"

"Njo unaona. Hiyo haiko kusindikiza. Hiyo ni kusafiri."

Sasa, Februari ya 2003, kaunsili ikabandika tangazo langoni. Bata wa bwawani wamekuwa wengi mno. Kuna pendekezo la kuwaua mwezi wa Juni, wakati wanapopukutisha manyoya ya mabawa na hawawezi kuruka. Wakazi waje ukumbini kutoa maoni, wakalimani watakuwepo. Célestine alisoma, akasoma tena, akakaa chini kwenye majani yaliyolowa.

"Batamuua Balozi?"

"Labda watamwacha. Ana cheo."

Hakucheka. Hapo nikajua mambo yameharibika, kwa sababu Célestine hucheka hata akiumwa jino.

Siku ya mkutano tulikaa mstari wa mbele. Mkalimani wetu alikuwa Placida, Mhaya wa Bukoba, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Afisa wa kaunsili aliitwa Kishor, Mhindi wa makamo, sauti ndogo, tai ya kijani iliyokolea. Yeye anasema kidogo kwa Kiingereza, Placida anageuza, na katikati ya hayo sisi tunajisemea yetu.

"Hiyo tai," nikamwambia Célestine, wala sikunong'ona, "ni rangi ya mavi ya Balozi kabisa."

Célestine akajifinya asicheke. Kishor akakohoa, akapanga makaratasi yake.

Haki ya Mungu, yule bwana hakuwa anasema uongo. Uwanja wa watoto unateleza, maji yameoza, samaki wanaelea matumbo juu. Hata mimi nilikuwa na viatu nilivyoviacha nje ya mlango wiki nzima kwa sababu ya hao bata. Lakini Muhiddin, dereva wa basi kutoka Mombasa, akanyanyua mkono.

"Samahani, dada Placida. Huko kupunguza anakokusema, ni kuchinja au ni kuua?"

Placida akauliza, akarudi na jibu. "Ni kuua. Nyama haitaliwa. Itachomwa moto."

"Astaghfirullah! Mnyama unamchinja umle, au unamuua akikujia na meno. Huyu meno hana, na kumla hamtaki. Sasa kosa lake nini?"

"Alinipora sandwichi!" mtu akapiga kelele nyuma, na ukumbi wote ukaangua kicheko.

Wakati huo Norbert alikuwa njiani. Norbert ni jirani yake Célestine, Mkongo wa Uvira, aliyesubiri karatasi za ukimbizi mpaka nywele zikaanza mvi, na ambaye mkewe, Laurette, aliletwa mwaka uliotangulia kwa ile viza ya kuunganisha familia. *Family reunion*: Norbert aliyataja maneno hayo kama mtu anayetaja jina la mtakatifu. Célestine alikuwa amempigia simu aje atusaidie kusema, kwani Norbert kwa kusema hana mpinzani. Lakini alipiga analia, na salio likaisha. Norbert alichosikia ni hiki: "Kuya mbio, kaunsili banataka kubapunguza!"

Basi akaingia anahema, kofia mkononi, wakati Placida ameshachoka kulirudiarudia neno bata, akaliacha lijielewe lenyewe.

"Si wenyeji wa hapa," Placida alikuwa akisema. "Waliletwa zamani, wakapapenda, wakakataa kuondoka. Wanazaana sana. Wanachafua wanapokaa. Sasa wamezidi, na kaunsili inaona wapunguzwe kabla ya kiangazi."

Kiswahili chetu kina ukarimu wake. Bata naye tumempa *wa* ile ile ya binadamu, anatembea nayo kifua mbele. Mtu akiingia katikati ya maneno, atajuaje nani aliyezidi?

"Minaomba neno!"

Wote tukageuka. Norbert alikuwa amesimama kwenye kijia cha katikati, kofia ameikunja ngumini.

"Banakataa kuondoka? Twende wapi? Mi nilikuya huku juu ya risasi! Munasema tunachafua. Nani anasafisha hii muji saa munalala? Munasema tunazaa sana. Mi niko na bibi moja, nilimungoya miaka na miaka!"

Mimi nikaelewa wa kwanza. Nikamshika Célestine mkono kabla hajanyanyuka kumweleza.

"Mwache," nikamwambia. "Mwache kabisa, anaendelea vizuri."

Placida akatutazama kama mtu anayezama. Lakini sheria ya ukalimani ni kusema kama mwenyewe alivyosema, kwa hiyo akavuta pumzi, akaanza kumwambia Kishor kwa Kiingereza safi kwamba yeye, Placida, ana mke mmoja.

"Tunakaa kwa baridi na hatulii!" Norbert akaendelea. "Tunakula majani yetu, sombe yetu, hatuombi mutu! Munataka kutupunguza namna gani? Mutachagua nani? Mwenye mguu mubaya? Muzee? Mama iko na mimba? Kama tuko na makosa, mutuonyeshe njia ingine. Lakini kuua, hapana!"

Yule wa nyuma akasema, kwa sauti ya toba, "Hata sandwichi nimesamehe."

Ukumbi ukalipuka. Watu wakapiga makofi, wakapiga meza, Muhiddin akamkumbatia Norbert, na Norbert, machozi yakimtoka, akawa anainama kulia na kushoto kama bwana harusi. Kishor alivua miwani akaifuta kwa ile tai yake. Akaifuta muda mrefu.

Halafu akasema ipo njia nyingine, ila ina kazi. Masika bata wakitaga, mayai yanapakwa mafuta, yanakosa hewa, hayaanguliwi. Mama anaendelea kulalia, hajui. Wakipatikana wa kujitolea, na bwawa lisiongezeke hata kifaranga kimoja mwaka huo, atafuta mpango wa kuua. Kikionekana kifaranga, Juni iko palepale. Nani yuko tayari?

Mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wa Norbert. Ndipo akaniinamia, akaniita dada kwa lugha ya kwao.

"Yaya Zipporah. Nimekubali kupakala nini?"

Nikashika mbavu kwa kicheko. Kishor naye akapita mbele yetu na makaratasi yake, akasimama.

"Mama," akasema, Kiswahili cha Kisumu bila hata vumbi, "hii tai bibi yangu ndiye alininunulia."

Nilitafuta shimo la kuingia, sakafu ilikuwa ya mbao nzima.

"Umesikia yote?" nikauliza. "Na hukumwambia Norbert?"

"Ningemwambia nini? Sisi tulipokuja kutoka Kenya pia ilisemwa tumezidi. Nilikuwa nimeshika mkono wa mama." Akavaa miwani. "Sikuona kama amekosea sana."

Aprili tukaingia kwenye mashua ya kaunsili kuelekea kisiwa kilicho katikati ya bwawa. Norbert aliapa kwamba mtu wa Uvira hafundishwi kasia. Tukazunguka palepale kama kijiko kwenye chai, bata wakitutazama kwa huruma, mpaka Laurette akampokonya kasia kutoka nyuma na tukafika.

Tulipaka mayai ya kiota baada ya kiota tukitaniana. Cha mwisho kilikuwa chini ya kichaka, na aliyekilalia akanyanyua shingo nyeusi, akatutambua, wala hakuzomea.

"Balozi ni mama!" nikasema.

Célestine alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya lile tumbo lenye joto, Balozi akamwachia. Chupa ya mafuta ilikuwa imekaa mapajani mwa Célestine.

"Sasa hii iko tofauti gani?" akauliza. "Kuua mukubwa ni mubaya, yai ni muzuri?"

"Wewe asubuhi umekula mayai ya kukaanga."

"Yale simujui mama yao."

Kuacha kupaka ni kumpeleka Balozi Juni. Kupaka ni kumdanganya rafiki akiwa amekukabidhi tumbo lake.

"Mugeuke wote," akasema Célestine. "Muangalie mayi."

Tukageuka, tukatazama maji. Nyuma yetu tukasikia chupa ikifunguliwa, na Célestine akiomba msamaha kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa Kishi cha kwao.

"Umemaliza?" nikauliza. "Yote?"

"Hesabu haiko kazi yako."

Mwezi wa Mei, Kishor akaja kukagua. Tulitembea naye kuzunguka bwawa lote, na kweli, hakuna kifaranga. Norbert anaonyesha viota kama mwenye hoteli. Tulipofika karibu na lango, majani yakatikisika, akatoka Balozi, kifua mbele. Nyuma yake, akijikwaa na miguu yake mwenyewe, kitu cha manjano ukubwa wa limau.

Tukaganda. Célestine akaushika msalaba wa shingoni. Kishor akachuchumaa, akakitazama, akatutazama.

"Na huyu?"

Célestine hawezi kusema uongo. Alifungua mdomo, nikaona Juni inatoka. Norbert akamwahi.

"Huyo?" akasema, bila kupepesa. "Huyo alikuya na *family reunion*."

Kishor alibaki amechuchumaa. Mabega yakaanza kumcheza, kisha mgongo, kisha akakaa kabisa kwenye majani, na suruali yake ya ofisi, anacheka mpaka sauti ikamkatika. Célestine alikuwa wa kwanza kuungana naye; nilikuwa sijakisikia kicheko hicho tangu Februari.

"Sawa," Kishor akasema, akijipangusa macho kwa tai. "Karatasi zake nimeziona. Lakini huyu asiite wajomba."

Akainuka, suruali imeingia rangi ile ile ya tai. Balozi akamkaribia, akamng'ata kidogo upindo, akashika njia ubavuni mwake, na mtoto nyuma, mpaka langoni. Hapo akasimama. Alingoja mpaka gari la Kishor likakata kona.