Kikomo cha Gigabaiti Mbili

Video iliyotumwa ilikatika pale pale tena: Kaltuma, msemaji wa wafugaji, ameinua mkono, mdomo wazi, neno halijatoka.

"Wapokomo wamesema yao yote, sisi tumekatwa pumzi," Siyad alisema. "Binti, hata kompyuta yenu ni Mpokomo?"

Dinah alitaka kucheka, akashindwa. Yeye ni Mpokomo wa kijiji cha Wema, na wajomba zake ndio wanaotaka kulima malka, ile njia ya ng'ombe kushukia mtoni. Ndiyo maana wafugaji walimtuma Siyad akae naye ofisini Garsen. Pande zote ziliafikiana: maneno yao yarekodiwe pamoja, yasikatwe wala kuguswa, yapelekwe kwa mtandao wa ofisi hadi Hola, ambako wasuluhishi wangeyatazama leo na kuamua. Wakulima ndio waliotangulia kusema. Barabara nayo imemezwa na mafuriko. Hakuna wa kuibeba rekodi mkononi.

Kwanza Dinah alidhani kasoro iko kwake. Alikuta akaunti yake imewekewa kikomo cha ukubwa wa faili, akakiondoa, akatuma upya. Ikaenda, ikafika gigabaiti mbili, ikagoma.

Akampigia Jairus, fundi wa Hola.

"Si wewe, Dinah. Ni mashine ya huku. Mfumo wake ni wa kale, haupokei faili kubwa kuliko hiyo. Ikishiba, imeshiba."

"Huwezi kuubadilisha?"

"Leo? Nifute kila kilichomo? Ikate rekodi vipande viwili, niwaonyeshe kimoja baada ya kingine."

Siyad alikuwa amesikia. "Kukata, hapana. Kesho mtu akiuliza katikati palikuwa na nini, nitamjibu nini?"

"Hakuna neno litakalopotea, mzee. Nakuapia."

"Wewe nakuamini, binti." Alisema kwa upole, na upole ule ukamchoma kuliko kejeli. "Lakini hawakunituma nikuamini. Walinituma niangalie."

"Dinah," Jairus aliita, "wasuluhishi wameketi. Wanasema wataanza na kilichofika."

Kwa mbali simuni alisikia viti vikivutwa, kisha rekodi ikianza: sauti ya mjomba wake mkubwa, tulivu, yenye hoja. Alibonyeza kitufe cha kutuma mara nyingine, akijua itakavyokuwa.

Simu ya Siyad ikaita. Aliitazama, akamnyooshea Dinah.

"Ni Kaltuma. Anataka kujua kama wamemsikia. Mwambie wewe."

Dinah aliipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama," alisema, akageukia kioo, ambako mkono wa Kaltuma ulikuwa bado juu.