Hina ya Rukiya

Fadhila alichoka. Hakuchoka na cherehani, maana miguu yake ilishaizoea. Alichoka na watu. Miaka yote aliyoshona pale sokoni Jabe, wanawake walimletea vitenge na maneno, na ungeona haya kusema kipi kilikuwa kingi. Nani kaachwa, nani kaoa kwa siri, nani anafunga Ramadhani ya uongo: yote yalipita kwenye benchi lake. Alasiri ikiadhiniwa, yeye yuko katikati ya kisa, na kisa kitamu hakikatwi. Akija kuswali, magharibi imeshabisha hodi.

Mwezi wa Shaabani ulipoandama akasema basi. Akisikia adhana anafunika cherehani, anaswali, kisha anakwenda darasa la wanawake kwa ustadha Fatouma. Na jina la mtu halimtoki tena mdomoni. Wateja walimtania kwamba redio imeishiwa betri, halafu wakahamia kwa fundi mwingine. Fadhila aliumia, tusidanganyane. Lakini sala zake ziliingia kwa wakati, na hilo lilimpumzisha.

Ndipo akaja Houda, rafiki yake tangu utoto, akakaa kwenye lile benchi tupu. Binti yake Rukiya ameposwa na Tajudini, muuza vipuri vya magari.

"We unajua watu wote hapa," akasema. "Uyu Tajudini, ni mutu muzuri?"

Fadhila alimjua. Mwaka uliopita mke wa Tajudini alikuja kwake na mkono umefungwa plasta, akaomba gauni lipanuliwe mkono upite. Alisema mwenyewe, bila kunong'ona, kwamba mumewe ndiye aliyemvunja. Baadaye akapewa talaka, akarudi kwao Uvira.

"Mi niliacha kuongea watu, Houda," Fadhila akajibu. "Nilimuahidi Mungu."

Houda akatabasamu. "Alhamdulillah. Kama kungekuwa kitu, we usingeweza kunyamaza."

Akaondoka moyo mweupe. Fadhila akasimama kuswali, akapoteza hesabu ya rakaa, akaanza upya, akapoteza tena.

Alilibeba jambo hilo siku kadhaa, mpaka likamshinda, akamuuliza ustadha Fatouma kwa kuzungukazunguka. Ustadha hakuzunguka.

"Mutu akikuuliza juu ya muchumba wa mutoto yake, useme kile unajua. Kunyamaza apo si ibada. We ulitaka tu kupumzika."

Lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Alikuwa ameuita uchovu wake ucha Mungu.

Akatoka darasani moja kwa moja hadi kwa Houda. Nyumba ilijaa wanawake, wengi wao wateja wake wa zamani, wakila na kupiga vigelegele, na Rukiya amekaa mkekani akipakwa hina. Harusi ilikuwa kesho. Fadhila akamvuta Houda pembeni, akamwambia yote.

Houda akapaza sauti. "Nilikuuliza! Nilikuuliza na mudomo yangu, ukanijibu Mungu. Leo watu wamekula, ndo unaleta umbea?"

Wanawake wote wakageuka. Fadhila akajibu mbele yao.

"Si umbea. Alimuvunja bibi yake mukono, na ile nguo ya kupitisha plasta nilishona mi mwenyewe. Nisamehe, nimechelewa."

Rukiya akasimama, mikono ameinyanyua isichafue nguo. "Tantine, huyo mwanamuke alikuambia yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe, mwanangu."

Msichana akawapita wote, akaenda uani bombani, akaanza kunawa. Houda aliketi kizingitini, kilio kikamshinda. Fadhila akachutama kando ya Rukiya, akashika kiganja kimoja, akasugua kwa sabuni. Tope la hina lilitoka, lakini rangi ilikuwa imeshashika, nyekundu mpaka kwenye kucha.

"Acha, Tantine," Rukiya akasema, akauvuta mkono wake. "Ungekuja asubuhi."