Mvua ya Kwenye Mkanda

Bi Sauda, jirani yetu wa ukuta mmoja, anasema baba yangu aliubadilisha mkanda wa video mwaka ule mama alipoondoka.

Anasema ilikuwa Idi, saa nane mchana, watu wameshashiba pilau, na uani kwa marehemu Fakhruddin hapa Kivinje hakuna pa kuweka mguu. Ile picha ya Kihindi nyeusi na nyeupe ilikuwa imefika pale kijana anaporudi kwao siku ya sikukuu baada ya miaka saba. Anabisha hodi, mama yake anafungua mlango. Siku zote, anasema Bi Sauda, baba akifika hapo alishika maiki akamsemea yule mama: "Rudi ulikotoka!" Na watu wote walipiga kelele pamoja naye, maana walishaikariri. Mwaka ule wakafungua midomo wapige kelele, na baba akawawahi. Akasema: "Ingia. Chakula chako nimekifunika."

"Watu wakageukiana kuulizana," anasema Bi Sauda. "Mimi mwenyewe nikasimama nikamwambia, Alfonsi, umekosea! Akanijibu kwenye maiki, mbele ya watu: sijakosea, shemeji, mkanda ndio umebadilika."

Bi Sauda ni mtu wa kuongeza chumvi. Huyo huyo aliwahi kusema kuwa alimwona chui kule Tingi, amekaa kituoni anasubiri gari kama abiria. Kwa hiyo nilimsikiliza huku naendelea kuanua nguo. Mimi tangu nipate akili nimelisikia hilo la chakula tu.

"Mbona unaniambia leo?" nikamwuliza. "Miaka yote hii ulikuwa wapi?"

"Kwa sababu Marietha kanipigia. Analia. Anasema wewe humpigii."

Marietha ni mama yangu. Nilikuwa na miaka sita alipokwenda Mtama kumzika mjomba wake. Mazishi yakaisha, watu wakarudi, yeye akabaki. Baadaye tukasikia ameolewa hukohuko. Sikumbuki kama nililia. Nakumbuka baba alinisuka nywele mwenyewe asubuhi ya shule, mistari imepinda, na wenzangu wakanicheka hadi mapumziko.

Ramadhani ya mwaka huu, siku ya ishirini na tatu, mama alinipigia. Yule mwanamume wake amekufa na ndugu zake wameitaka nyumba. Akasema, "Nataka nije sikukuu, Skola. Na nikija, nisirudi tena Mtama. Utanipokea?" Nilikuwa nachambua mchele. Nikamwambia nitakupigia. Nikamaliza mchele, nikachambua na choroko. Mpaka siku hiyo ya kuanua nguo nilikuwa sijapiga.

"Baba yako alishamsamehe mbele ya umma," akasema Bi Sauda. "Wewe nani umkatalie?"

"Sijamkatalia."

"Hujamkubalia pia. Mtu huwezi kumwacha mwenzio kwenye foleni kama yuko hospitali, weye!"

Nikakunja shuka la mwisho nikaingia ndani.

Nyumba ni ile ya baba, vyumba viwili. Baba alikufa masika ya mwaka jana. Kitanda chake nimekiegemeza ukutani. Kila siku nasema nitakitoa, kila siku kipo.

Nafanya kazi kwa mjane wa Fakhruddin, Mama Mehrunnisa. Nilianza nilipomaliza darasa la saba. Zamani baba alikuwa mpakuzi wa mizigo dukani kwao, na ule mkanda Fakhruddin aliuleta siku aliyonunua deki ya video. Watu wakaja kuangalia, hawaelewi, wakamwambia Alfonsi wewe unashinda na Wahindi, tutafsirie. Basi baba akatafsiri. Idi zote mbili, na Krismasi pia, kwa sababu alisema sikukuu ni sikukuu. Mimi nilikuwa nakaa miguuni kwake namshikia waya wa maiki usikanyagwe. Alipokufa, watu hawakuniuliza kama naweza. Walikuja tu, wakakaa, wakanitazama.

Sijui wanaipendea nini. Vijana wana picha mia kwenye simu, za rangi, za magari kulipuka. Lakini siku ya Idi wanakuja na mikeka yao kuangalia mtu wasiyemjua akipanda treni kurudi kwao, na taa za sikukuu, na mwezi. Mwaka jana nilikosea kidogo, nikasema "mwezi umeonekana" badala ya "mwezi huo jamani", wakanizomea mpaka nikarudia. Kadija, muuza maandazi, alisema, "Usituharibie, sisi tumekuja kusikia ya Alfonsi."

Siku moja kabla ya Idi nilikuwa jikoni na Mama Mehrunnisa, yeye anamenya iliki, mimi nakuna nazi. Nikamwuliza kama ni kweli baba alibadilisha maneno.

"Mwaka gani?"

"Mwaka alioondoka mama."

Akafikiri. "Mimi Idi nakuwa jikoni na sufuria, mwanangu. Nitasikia wapi? Alfonsi alikuwa anasema yake. Kihindi alikuwa hajui hata neno. Fakhruddin alimpa hadithi mara moja, kaunta pale, wanapima sukari. Hayo mengine katia mwenyewe."

"Hata ile mvua?"

"Mvua ipi?"

"Mvua inanyesha picha nzima. Baba alikuwa anasema, mvua inamfuata kijana wa watu."

Mama Mehrunnisa akacheka mpaka iliki zikamwagika. "Hakuna mvua picha ile! Ule mkanda umechakaa. Ni mikwaruzo hiyo."

Nikaendelea kukuna. Miaka yote hiyo Kivinje nzima imemwonea huruma yule kijana kwa kulowa.

"Na yule mama pale mlangoni," nikasema, "mwenyewe anasemaje hasa?"

Akainamisha kichwa kama anamsikiliza. "Anamwuliza kama amefunga geti. Wana mbuzi. Anasema, umefunga geti? Mbuzi watatoka."

"Basi?"

"Basi. Anamwuliza hivyo, kijana anarudi kufunga geti, halafu anaingia. Humwoni anageuka nyuma kidogo?"

Nilikuwa namwona anageuka. Baba alikuwa anasema hapo kijana anafuta machozi.

Nilitegemea nitasikia kitu moyoni. Nilisikia mkono unauma tu, nazi ilikuwa kavu.

Siku ya Idi watu walijaa kuanzia saa saba na nusu. Mama Mehrunnisa akatundika khanga dirishani, ilipowekwa televisheni kutazama uani, kuzuia jua lisipige kioo. Nikaingiza mkanda, nikashika maiki. Picha ikaanza na mistari myeupe juu mpaka chini.

"Mwaka huu mvua imezidi!" akapiga kelele Kadija.

"Ni masika huko," mtu akamjibu, "huoni anavyotembea kwa tahadhari?"

Sikuwaambia. Nikasema kama baba: mvua inamfuata kijana wa watu. Wakapiga makofi.

Nilitafsiri treni, nikatafsiri kituo, nikatafsiri dada mtu anavyochungulia dirishani na kumkana kaka yake mbele ya majirani. Maneno yalikuwa yanatoka yenyewe, mimi nikiwa kando nayatazama. Kijana akafika kwao. Akabisha hodi. Bi Sauda alikuwa amekaa mbele, pembeni ya spika. Nilimwona anatoa simu kifuani, anabonyeza, anaiweka juu ya goti.

Mlango ukafunguka. Yule mama akatoa uso.

Nikawa na maneno matatu mdomoni, lile la zamani alilonisimulia Bi Sauda, la baba la chakula, na la mbuzi. Halikutoka hata moja. Maiki ikawa inavuma tu.

Hawakunisubiri. Ua mzima, wazee, wenye watoto mgongoni, hata watoto wenyewe, wakasema kwa pumzi moja: "Ingia. Chakula chako nimekifunika."

Kijana akageuka kufunga geti, akaingia. Taa za sikukuu zikawaka, picha ikaisha. Watu wakainuka wanakung'uta mikeka, wanasema ya mwaka huu tamu kuliko ya mwaka jana, kana kwamba ilikuwa nyingine. Nikabonyeza deki irudishe mkanda mwanzo. Baba alikuwa haruhusu mkanda ulale bila kurudishwa. Alisema unajikunja njiani ukashindwa kufika.

Bi Sauda akanijia. Simu ilikuwa bado inaongea. "Kasikia yote," akasema. "Nimempigia tangu hodi. Shika."

Nikaishika.

"Skola," akasema mama. Sauti yake ilikuwa karibu sana. "Idi njema."

"Na kwako."

"Alikuwa anasema hivyo kila mwaka? Ya chakula?"

"Kila mwaka."

"Na Krismasi?"

"Na Krismasi."

Huko Mtama nikasikia kuku, na mtu anatwanga. Kadija alipita ameshika mkeka, akanibana shavu, akasema nimejitahidi. Bi Sauda hakuondoka. Alisimama ameshika kiuno, ananitazama mdomo.

"Begi langu liko mlangoni," akasema mama. "Gari ya Lindi haijapita bado. Nikilala Lindi, kesho mchana niko Kivinje. Lakini siji kama hujaniambia mwenyewe. Si baba yako, wala hao watu. Wewe."

Deki ilikuwa inanguruma. Nilitazama namba zake zinavyorudi nyuma, mia tatu na kumi, mia tatu, mia mbili tisini. Mtu alikuwa ameacha geti la ua wazi na mbuzi wa Mama Mehrunnisa ameshatoa kichwa.

"Skola? Upo?"

Mia mbili hamsini.

"Nije, mwanangu?"