Mafuta ya Mejumaa

Mejumaa alikuwa na kibanda cha viazi karai, vile vya kuvikwa unga na kukaangwa, kwenye njia itokayo Marikiti, pale makuli wanaposimamisha mikokoteni kupumua kabla ya kuikabili barabara kuu. Alikuwa Mdigo, kwake ni Likoni, na miaka kumi na saba alikuwa akivuka kwa feri kila alfajiri na ndoo yake ya viazi kichwani. Watu wa njia ile hawakumwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Tumu, kwa bintiye wa pekee aliyeolewa Ukunda. Jirani yake wa kushoto alikuwa Mzee Gunga, fundi viatu, mtu wa maneno machache na kikohozi kirefu. Upande wa kulia palikuwa na ukuta wa ghala kuukuu.

Mwezi wa Februari alikuja msichana, akaweka kigoda chake ukutani pale. Alivaa kizibao cha manjano, mkononi ana ubao wa kuandikia na kidude cha chuma kilichoenea kiganjani. Kila apitapo mtu, alikibonyeza kikalia. Mejumaa alimtazama asubuhi nzima, mwishowe uvumilivu ukamwishia.

"Mwanangu, wahesabu nini hivyo hata huchoki?"

"Watu, mama."

"Watu wa nini?"

"Wanaopita. Na wanaosimama kuuliza steji iko wapi."

Jina lake Ndinda, kwao Kibwezi. Aliajiriwa na kampuni iliyopewa kazi ya kuujenga upya mtaa ule. Steji ya mabasi ilikuwa hatua mia tu kutoka hapo, nyuma ya vibanda, lakini mgeni aliweza kuizunguka nusu saa asiione. "Wanataka mtu akitoka sokoni tu aione kwa macho," Ndinda alieleza. "Asihangaike kuuliza."

Gunga alitoa msumari mdomoni. "Na kinachoiziba isionekane ni kitu gani?"

Msichana alitazama ubao wake. "Hilo wataamua wenyewe, babu. Mimi nahesabu tu."

Wakazoeana. Ndinda alikuwa mlaji wa viazi kwa ukwaju mwingi, mpaka Mejumaa akawa anamwekea bakuli lake kando. Wiki ya tatu homa ilimshika, akatetemeka juu ya kigoda chake na kidude bado kinalia. Mejumaa alimlaza ndani ya kibanda, akamfunika leso, akampikia tangawizi. Na kwa kuwa msichana alilia kwamba siku ikikosa hesabu atafutwa kazi, Mejumaa alikichukua kidude mwenyewe. Mkono mmoja ukageuza viazi, mwingine ukahesabu wapita njia mpaka alasiri. Walifika elfu mbili na ushei. Aliona fahari, kama mtu aliyepewa kazi ya serikali.

Mwezi wa Machi walikuja wanaume wawili na kopo la rangi nyekundu, wakaandika nambari kwenye vibanda. Cha Gunga arubaini, cha Mejumaa arubaini na moja. Karatasi iliyobandikwa ukutani ilisema vihamishwe ndani ya siku thelathini. Watu walinung'unika, wengine wakaanza kutafuta pengine pa kukaa. Mejumaa alimuuliza Ndinda kama alijua. Ndinda aliinamisha uso.

"Nilijua vitaguswa vingine. Sikujua vyote. Lakini siku thelathini zipo, mama. Nitakutafutia nafasi kule wanakojenga vibanda vipya. Nimeshamwambia msimamizi."

Mejumaa alimwamini.

Wavunjaji walikuja siku ya tisa. Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, soko limejaa na mafuta yamechemka kwenye karai. Tingatinga lilikata kona, na mbele yake vijana kama thelathini waliovaa vizibao vya manjano, wengine na rungu, wengine na vyuma vya ujenzi. Hawakuamkua mtu. "Toka! Toka! Toka!" Kibanda cha kwanza kililala chini na machungwa yake. Cha pili kikafuata. Mwanamke mmoja aliyekwenda kuokota pochi yake alipigwa rungu la mgongo akaanguka juu ya nyanya.

Gunga hakutoka. Alikuwa amekumbatia gunia la viatu vya wateja. "Ngojeni nitoe viatu vya watu," alisema. "Hivi si vyangu."

Kijana mmoja alimvuta shati likachanika mpaka kiunoni. Mzee aliinua nyundo yake ndogo ya misumari, akampiga nayo kifundo cha mkono. Kijana alipiga yowe, akaangalia mkono wake, kisha akainua chuma kwa mkono wa pili akamshushia mzee nyuma ya sikio. Pigo lilikuwa moja tu. Mejumaa aliusikia mlio wake, kavu, kama nazi inayopasuliwa. Gunga alikaa chini polepole, gunia bado mikononi, damu ikimtoka puani. Dereva wa tingatinga hakumwona, au hakutaka kumwona. Mabati na mbao za nambari arubaini zilimwangukia zote.

Hapo njia nzima iliwaka. Makuli waliacha mizigo wakaokota mawe. Jiwe la kwanza lilipasua kioo cha tingatinga, la pili likamtoa dereva jino. Vijana wa kampuni walirudi nyuma, wakasimama safu moja, kisha wakasonga tena wakipiga chochote kilicho mbele yao, awe mtu au meza. Mejumaa alikuwa magotini akivuta mabati kwa mikono mitupu. Aliuona mguu wa Gunga. Aliushika. Haukuwa na mtu ndani yake tena.

Aliposimama, alimwona Ndinda.

Msichana alikuwa akikimbia kutoka upande wa steji, upande ule ule wa wavunjaji, ubao kifuani, kizibao cha manjano mwilini. Alikuwa akipiga kelele akiwapungia wenye tingatinga, "Simameni! Siku hazijaisha! Simameni!" Lakini katika ghasia ile nani angesikia maneno? Watu waliona mdomo unaofunguka na mkono unaonyoosha kidole. Sauti ikapaa kutoka kwa makuli: "Huyo ndiye! Ndiye aliyetuhesabu!"

Baadaye Mejumaa aliulizwa mara nyingi kama hasira zilimpofusha asijue anamfanyia nani. Angependa kusema ndiyo. Lakini alijua. Alimjua kuwa ni Ndinda, aliyemlaza kibandani kwake, na kwa sababu alimjua ndipo moyo ulipomchoma zaidi. Alizungusha leso kwenye vishikio vya karai, akaliinua likiunguruma, akaenda nalo hatua nne.

Ndinda aligeuka. "Mama," alisema, kama mtu aliyeona msaada.

Mejumaa akamwagia.

Msichana aliwahi kuinua ubao, na ubao ule ndio uliookoa macho yake. Mafuta yalishika shingo, bega, na mkono wa kushoto mpaka vidoleni. Aliyoitoa haikuwa sauti ya mtu. Alizunguka mahali pamoja, kisha akaanguka, na watu walipoona ameanguka wakamjia kama siafu. Jiwe lilimpata kipajini. Jingine mbavuni. Mtu alimkanyaga mkono uliobaki mzima. Mwingine alikuwa akikata njia kati ya watu, ameshika mguu wa meza wenye misumari.

Karai lilikuwa bado mkononi mwa Mejumaa. Aliona ngozi ya mkono wa yule msichana imeshikana na kitambaa cha shati ikibanduka nacho. Ndipo akili ikamrudia, yote kwa mara moja. Alilitupa karai, akajitupa juu ya Ndinda, akamfunika kwa mwili wake mzima.

"Mama Tumu, toka! Tummalize nyoka huyu!"

"Niueni mimi kwanza!" alipiga kelele. "Niueni mimi!"

Hawakumsikia wote. Teke lilimvunja mbavu mbili. Jiwe lilimpasua nyuma ya kichwa, damu ikamshukia machoni, ikamdondokea Ndinda mdomoni. Chini yake alisikia meno ya msichana yakigongana. Aliyewaokoa ni Kitsao, kuli wa Kigiriama mwenye mabega kama mlango, aliyeusukuma mkokoteni wake katikati ya umati akigonga watu kulia na kushoto bila kuchagua. Aliwatupa wote wawili juu ya magunia matupu akakimbia nao mpaka hospitali, fulana yake nyekundu imelowa damu.

Mtu fulani, kutoka dirisha la ghorofani, alikuwa amepiga video kwa simu. Ilianzia pale Mejumaa alipokuwa tayari amemlalia msichana: "Niueni mimi kwanza!" Kabla ya Ijumaa kwisha, ilikuwa imefika kila simu ya Mombasa. Mejumaa aliamka wodini akakuta maua. Vidole vyake vilivyoungua kwa karai vilifungwa bandeji, na watu wakasema ameungua akimwokoa mtoto wa wenyewe. Imamu wa msikiti wa kwao alimtaja kwenye hotuba. Tumu alikuja kutoka Ukunda akilia kwa furaha. "Mama, watu wananisimamisha njiani kwa ajili yako."

Mejumaa aligeukia ukutani.

Gunga alizikwa kwao Kaloleni. Faili la kifo chake lilifunguliwa, na mpaka leo halijapata jina la mtu. Kuhusu mafuta jina lilipatikana upesi. Msimamizi wa kampuni aliandikisha kwamba aliyemwaga ni kijana mwenye fulana nyekundu. Kitsao alikamatwa pale pale mlangoni mwa hospitali, na kwa kuwa aliwahi kufungwa kwa kupigana, hakuna aliyejisumbua kuuliza zaidi. Mkewe alimwendea Mejumaa kitandani.

"Wamempiga mpaka sikio moja halisikii," alisema. "Wewe ulikuwapo, Mama Tumu. Watu wanakuheshimu. Waambie si yeye."

"Nitawaambia," alijibu Mejumaa. Siku ile hakuwaambia, wala siku iliyofuata. Alimwambia mpelelezi aliyekuja kwamba hakuona aliyemwaga. Usiku alijaribu kuswali, lakini kila alipofika sijida mbavu zilimchoma akashindwa kuinuka.

Siku ya sita alifika mama yake Ndinda kutoka Kibwezi, mwanamke mrefu mwenye msalaba shingoni na vumbi la safari bado viatuni. Alipiga magoti kando ya kitanda, akavibusu vidole vya Mejumaa juu ya bandeji.

"Mungu akubariki, mama. Umenirudishia mtoto wangu."

Mejumaa alivuta mikono kama aliyeumwa na nge. "Nipeleke kwake," alisema.

Ndinda alilazwa wodi ya walioungua. Nusu ya shingo ilikuwa nyama tupu inayong'aa kwa dawa, jicho moja limevimba likafumba. Alipomwona anayeingia alianza kutetemeka mwili mzima, na mama yake akadhani ni baridi.

"Ndinda," alisema Mejumaa. "Kitsao amefungwa kwa mafuta yale."

"Najua." Sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Niliwaambia polisi si yeye. Niliwaambia ni wewe. Nimesema tangu siku ya kwanza. Wamenionyesha video. Wanasema maumivu yamenichanganya akili. Hata mama nimemwambia alipofika, hakuniamini."

Mama alimtazama mwanawe, kisha akamtazama Mejumaa, na ule wema aliokuja nao ukamtoka usoni kidogo kidogo.

"Ni kweli?" aliuliza.

"Ni kweli," alisema Mejumaa. "Ni mimi. Na nilijua ni yeye."

Muuguzi alipita na sinia la sindano. Ndinda alifumba jicho lake zima.

"Basi nenda ukaseme wewe," alisema. "Wewe utaaminiwa. Kisha usirudi hapa."

Mejumaa alitoka hospitali bila ruhusa, ameshika mbavu zake, akaenda kwa miguu mpaka kituo cha polisi. Mpelelezi alimpa kiti na chai. Aliposikia alilokuja nalo, aliiweka kalamu chini.

"Mama, umepigwa kichwani. Rudi ukapumzike. Kesi hii imeshapata mtu."

"Imepata mtu asiye wake."

"Watu wanakupenda mji huu. Wataka kuwaambia nini?"

"Andika," alisema Mejumaa. Alifungua bandeji za mikono miwili, akavitandaza vidole juu ya meza. Alama za kuungua zilikuwa zimezunguka ndani ya viganja, mahali pa vishikio. "Anayefunika mtu huunguaje hapa? Andika, au nitakwenda kusimama sokoni niseme mwenyewe."

Akaandika. Kitsao aliachiliwa baada ya siku tatu. Alipita mbele ya Mejumaa uani mwa kituo, akamgeuzia sikio lililo zima kama anayetaka kusikia neno. Mejumaa alimwomba msamaha. Kitsao alitikisa kichwa, akatema mate pembeni, akaondoka.

Kesi ilichukua miezi minane. Muda ule mtaa ulikwisha, ukawekwa mawe mapya na taa, na mtu akitoka sokoni aliiona steji wazi mbele yake. Video ilisahauliwa. Waliomwita shujaa walimwita katili, kisha hawakumwita chochote. Tumu pekee hakukosa hata siku moja mahakamani, ingawa mumewe alimkataza.

Ndinda alitoa ushahidi akiwa amesimama, skafu shingoni. "Alinimwagia mafuta, mheshimiwa. Baadaye alinilalia wasiniue. Siwezi kusema moja nikaacha jingine." Mawakili wote wawili walijaribu kumfanya aache mojawapo. Hakuacha. Mejumaa alihukumiwa miaka minne.

Kwenye ujia wa mahakama, pingu mkononi, alikutana nao uso kwa uso. Mama yake Ndinda alimzaba kofi, kisha la pili, kwa nguvu zake zote, mpaka mdomo ukachanika. Askari aliruka kumzuia.

"Mwache," alisema Mejumaa. "Mwache tu." Alilamba damu, akamtazama msichana. "Mkono waendeleaje?"

Ndinda aliuinua mkono wa kushoto, akautazama.

"Vidole viwili havikunjiki," alisema.

Kisha alimshika mama yake kwa mkono wa kulia, wakateremka ngazi pamoja taratibu, na askari akamvuta Mejumaa upande wa pili, kwenye gari lililokuwa likingoja.