Siku Niliyomsukuma Mkwe Wangu

Kichwa cha Kapteni Ngassa kilianguka mbele kama cha mtu aliyeshikwa na usingizi kanisani. Mikono ikaning'inia. Kifua chake kikalalia usukani, pua ya ndege yetu ya Fokker ikaanza kuinama kuelekea mbuga za Shinyanga, na mimi, niliyekaa kiti cha kulia kama rubani mwanafunzi, nilifanya jambo moja tu. Nilikohoa.

Nilikohoa kwa adabu, mkono mdomoni, vile mwanamume anavyokohoa akikaribia mji wa wakwe zake ili wajue anakuja.

Usinicheke kwanza, ngoja nikueleze. Mzee yule alikuwa baba mzazi wa mke wangu, Apolonia. Kwao Tinde na kwetu Ushirombo mambo ya ukwe ni yale yale: mkwe hatajwi jina, mkwe haguswi, mkwe akinyamaza nawe unanyamaza mpaka apende mwenyewe kusema. Nilikuwa nimemwoa binti yake miaka minne na sijawahi kumtazama usoni sawasawa. Sasa shirika lilikuwa na mkaguzi mmoja tu wa kutupasisha kwenye Fokker, na huyo mmoja ndiye huyo. Nilipopata habari nilikosa hamu ya kula, wali wa Kahama wenyewe ukawa mchungu mdomoni.

Kapteni akainua kichwa. Hakuwa amezimia, alikuwa ananipima. Akavuta usukani taratibu, ndege ikakaa sawa.

"Umekohoa," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Tuseme mimi nimekufa, abiria arobaini wako nyuma, na wewe unakohoa."

Kwenye kiti cha kukunja nyuma yetu alikaa fundi wa injini, jina lake Sikujua. Nilimsikia akiminya kicheko chake kikatokea puani. Mtu mbaya sana yule, Mungu amrehemu.

"Kanuni unaijua," Kapteni akaendelea. "Rubani mwenzako akizimia, unamwita mara mbili. Asipojibu unamsukuma arudi kitini, unasema 'ndege yangu', unaichukua. Kukohoa hakumo. Nitakupima tena leo, sikuambii lini. Ukishindwa, kesho unarudi kwenye kindege chako cha barua na dawa, na kiti hiki anapewa mwingine."

Hakuwa ananitishia bure. Wenzangu wawili walikwisha kurudishwa namna hiyo.

Ungejua nilivyokuwa naitaka ndege ile! Mwaka ule wa themanini na moja nilikuwa nimerusha vindege vya injini moja hadi mgongo ukaota sugu, vindege ambavyo ukibeba padri mnene na mbuzi wake unaanza kusali kabla ya padri. Fokker ilikuwa kitu kingine kabisa. Ilikuwa na injini mbili zenye mluzi mkali, mluzi ambao wachimba dhahabu wa Geita waliusikia wakiwa shimoni wakajua ndege ya Mwanza inapita. Ukizipa nguvu, kiti kinakukandamiza mgongoni na tumbo linacheka lenyewe. Nilikuwa nikiirusha usingizini, Apolonia ananiamsha kwa sababu nampiga mateke. Na yeye alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani wote kwamba mumewe anahamia ndege kubwa. Kushindwa mbele ya dunia ni taabu. Kushindwa mbele ya mkwe, halafu ukarudi nyumbani ukamkuta binti yake anakusubiri, hiyo sina jina lake.

Basi tukazunguka. Tunashuka kwenye kiwanja cha ndege cha Ibadakuli, magurudumu yanagusa changarawe, tunapaa tena bila kusimama. Ndege ilikuwa tupu, nyepesi, inaruka yenyewe. Kila mzunguko namtazama mzee kwa pembe ya jicho. Akijikuna, moyo unaruka. Akipiga chafya, nakaribia kumrukia. Mizunguko ikaenda, jua likasogea, jasho likanilowesha hadi soksi, na mzee akawa anarusha ndege kwa utulivu kama mtu anayechunga. Nikaanza kujidanganya kwamba amesamehe, kwamba amemfikiria binti yake.

Tulikuwa tumeshuka sana, naona hadi mashina ya pamba shambani, ndipo kichwa kikaanguka.

"Kapteni," nikasema.

Na hapo, kutoka vichaka vya mkono wa kushoto, nikaona ng'ombe. Si mmoja, ni kundi zima, pembe na vumbi, wanavuka kiwanja polepole kama watu waliotoka misani. Upande ule ulikuwa wa Kapteni, na Kapteni alikuwa amefumba macho.

"Kapteni Ngassa!"

Jina lilinitoka. Jina la mkwe wangu, kwa sauti kubwa, mbele ya shahidi. Nilihisi masikio yakiungua. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa tayari hewani, na nakuambia ukweli, ulisimama pale. Ulikuwa mkono uliofundishwa na mama yangu. Ng'ombe wakazidi kuwa wakubwa. Nikampiga kifuani kwa kiganja, nguvu zangu zote, akarudi kitini kwa kishindo na kofia yake ikaruka hadi miguuni pa Sikujua.

"Ndege yangu!"

Nikasukuma vishikio vya nguvu za injini mbele hadi mwisho. Injini zikalia ule mluzi, zikalia mpaka meno yakauma, pua ikainuka, nikapandisha magurudumu, na chini yetu mgongo wa fahali mweupe ulipita karibu mno. Kisha tukaona anga tu. Nilikuwa nacheka. Sijui nilianza lini, lakini nilikuwa nacheka kwa sauti na machozi yananitoka, ndege nzima ikitetemeka mikononi mwangu, na nikajua kwamba hii sasa naiweza.

Nikazunguka, nikangoja wachungaji waswage mifugo yao, nikatua peke yangu. Kapteni alikaa amefumba macho muda wote, hakugusa kitu. Nilipozima injini ndipo akauliza, "Mbona ulipaisha? Si ungetua tu."

"Ng'ombe, Baba. Walikuwa kiwanjani."

Akamgeukia Sikujua. Fundi, aliyekuwa bado ameshika ile kofia kwa mikono miwili, akatikisa kichwa kukubali. Safari hii hakucheka.

Mzee akajipapasa kifuani nilipompiga. "Sikuwaona," akasema. Halafu, kwa Kisukuma, sauti ya chini sana: "Wabeja, ng'wanawane." Ahsante, mwanangu. Miaka minne alikuwa akiniita "wewe".

Tuliposhuka ngazi akarudisha ukali wake. "Ndani ya ndege umefaulu. Kwa mila za huku chini, umemtaja mkweo jina, ukampiga. Utaleta mbuzi wa faini." Nikaleta, tena jike lenye mimba, nikamsikia Apolonia akimsimulia mama yake jikoni huku wamekumbatiana kwa kicheko. Heshima si utumwa, wanasema, lakini inakula mbuzi.

Ila hayo ya mbuzi yalikuwa ya wiki iliyofuata. Jioni ile ile tulikuwa na safari ya kurudi Mwanza, na Kapteni aliniambia niirushe mimi. Injini zikawaka. Sasa, kwetu, ukiwa kwa wakwe huondoki hadi uruhusiwe. Nimekwisha kukaa kwenye ua wa mzee yule tangu asubuhi hadi giza, najikunja kama kuku wa mvua, nangoja aseme neno.

Alifunga mkanda, akaweka mikono mapajani, akanigeukia, tukatazamana usoni.

"Tunaweza kuondoka?" akaniuliza.

Nilimwacha asubiri kidogo. Kisha nikasema tunaweza.