Pua ya Einar Thorvaldson

Daktari alimpima Einar Thorvaldson shinikizo la damu akiwa amelala, akampima tena akiwa amesimama, na tofauti aliyoiona ikamfanya arudie kupima. Maelezo yake yalikuwa mepesi: mtu wa miaka sabini na tisa akiinuka ghafla, damu hubaki miguuni na kichwa hukaa bila. Katika mchezo wetu wa kusukuma mawe juu ya barafu, mchezaji huchuchumaa, huteleza pamoja na jiwe, huliachia, kisha huinuka. Hiyo hatua ya mwisho ndiyo aliyokatazwa. Wazee wengi hapa Manitoba, Kanada, hutumia fimbo ndefu kusukumia jiwe wakiwa wima. Einar aliiita mkongojo, akasema siku atakayoishika tumwagizie na jeneza.

Mkewe, Lorna, alimruhusu acheze fainali ya kombe la mji kwa mtindo wake. Sharti lilikuwa moja: akizimia, anahamia kwenye fimbo, bila mjadala.

Ikabaki jiwe la mwisho, la Einar. Likitulia katikati ya duara, kombe ni letu. Mimi na mwenzangu tulikuwa tukilifagilia njia kwa mifagio ili lifike mbali, macho chini. Einar aliliachia vizuri, akainuka, akaanguka kifudifudi. Barafu haijali kama mtu yuko macho. Aliendelea kuteleza nyuma ya jiwe, kwa mwendo uliolizidi kidogo. Tulipogeuka, jiwe lilikuwa katikati na yeye alikuwa amelala nusu ya njia.

Lorna alifika mbio. Tukamwambia mumewe ameteleza. Ulikuwa uongo wenye akili, maana kwenye barafu kuteleza si ugonjwa. Alikaribia kuuamini, na wapinzani walikwisha kuvua glavu ili watupe mkono wa pongezi. Einar alitakiwa kunyamaza tu.

Lakini mchezo huu hauna mwamuzi uwanjani. Anayegusa jiwe linalokwenda hujitaja mwenyewe, na jiwe huondolewa. Mtu anaweza kumdanganya daktari wake miaka yote na bado akahesabiwa muungwana. Akificha kwamba aligusa jiwe, hata mazishini kwake hatuendi.

"Nimeligusa," akasema, bado amelala.

Nahodha wa wapinzani, Olha Hrynchuk, ana miaka themanini na mitatu na hucheza kwa fimbo. Alimsogelea.

"Umeligusa na nini?"

"Na pua."

"Ikakushinda kuiondoa, bwana wee?"

Einar alimtazama Lorna, akalitazama jiwe. Tulimwona akitafuta namna ya kukiri jambo moja na kuliacha la pili. Haikuwepo.

"Nimeamka nikaikuta hapo."

Olha alilisukuma jiwe kando kwa mguu, na kombe likaenda nalo. Einar akataka kuinuka haraka awapongeze kiungwana. Tukamkandamiza watu wanne. Akapokea mikono ya wote akiwa ameketi juu ya barafu, kama sultani mwenye wageni. Olha alikuwa wa mwisho.

"Alhamisi uje nikufundishe fimbo."

"Mama, mimi mchezo huu nimeucheza miaka sitini."

"Ukiwa macho?"

Alhamisi alikuja, amenuna, na muda wote wa somo alikuwa wima.